Soksi za Dola 58

Nina soksi za dola 58. Si jozi sita, ni jozi moja, ya kijivu, na kisigino cha mguu wa kulia kimeshaanza kupauka. Nazivaa Ijumaa tu, maana msikitini ndipo mahali pekee hapa Silver Spring, Maryland, ninapovua viatu mbele za watu, na mtu aliyetoa pesa ya mbuzi kununua soksi ana haki ya kuonekana.

Sikuwa na shida ya soksi. Mwenye shida alikuwa kadi yangu. Ni kadi ya mkopo ya wasafiri, ile ya chuma, ukiiweka mezani inalia hadi mhudumu anageuka. Miongoni mwa manufaa yake kulikuwa na dola 50 za kutumia kwenye duka moja la nguo kila nusu mwaka, na usipozitumia zinapotea. Ilikuwa jioni ya tarehe 29 Juni, nusu mwaka inakata roho. Nililizunguka duka zima. Vitu vilivyokaribia uwezo wangu vilikuwa viwili: hizo soksi, na kishikio cha funguo cha dola 75. Nikaongeza dola nane zangu, na kodi juu, nikarudi nyumbani nikiwa nimeokoa hamsini. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mke wangu. Alizishika, akazigeuza ndani nje kama anayetafuta pesa zilizofichwa, akasema, "Haya. Hongera."

Sasa imekuja barua pepe. Ada ya mwaka inapanda kutoka dola 425 hadi 625. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inawabana watoa kadi wampe mteja taarifa siku 45 kabla ya badiliko kama hilo, na siku 45 zinamtosha kabisa mtu mzima kukosa usingizi. Ada yenyewe ilitajwa aya ya nne. Juu kulikuwa na picha ya mwanamke amejilaza kando ya bwawa la kuogelea, na maneno kwamba manufaa yangu mapya yana thamani ya zaidi ya dola 1,400.

Nikafungua Excel. Nilitaka kujua hizo 1,400 zimekaa wapi. Dola 100 za tiketi za matamasha: mimi tamasha langu la mwisho lilikuwa taarabu Tanga. Dola 120 za Global Entry, ile ya kupita haraka uhamiaji: uanachama ni wa miaka mitano, kwa hiyo kwa mwaka ni dola 24 tu, tena nimeshalipiwa na kadi hii hii. Dola 15 kila mwezi za teksi, wakati gari langu lipo hapo nje na mkopo wake nalipa. Na dola 10 kila mwezi za kuletewa chakula nyumbani.

Hizi kumi ndizo zilizonidhalilisha. Mwezi wa kwanza nilizikumbuka saa tano usiku wa siku ya mwisho. Nikaagiza chipsi. Chipsi dola tisa, ada ya huduma, ada ya kuleta, bahashishi ya kijana wa watu, jumla 23. Nililipa dola 13 ili dola 10 zisinipotee. Kijana alifika zikiwa zimepoa na kulegea, karatasi imenata kwenye mafuta. Jikoni, juu ya jiko, palikuwa na sufuria ya makande ya nazi, bado ya moto. Nilikula chipsi nimesimama, taa nimezima.

"Hiyo mia sita ishirini na tano," mke wangu aliniuliza nilipomwonyesha jedwali, "unaitoa taslimu?"

"Taslimu."

"Wao wanakurudishia vipande vya kumikumi, tena uvifukuzie."

Mke wangu ni kijumbe. Anaendesha mchezo wa akina mama kumi, kila mmoja dola 200 kwa mwezi, na hajawahi kuwa na maandishi madogo. "Kwenye mchezo wangu, zamu yako ikifika unapokea elfu mbili yako. Simwambii mtu zamu imekufa kwa sababu hakula chipsi kabla ya tarehe 31."

Nikamkumbusha launji. Nilikosea sana.

Desemba iliyopita tulikwenda nyumbani sote, tukimrudisha mama mkwe Dar es Salaam kupitia Addis Ababa. Wiki nzima nilikuwa nikimsimulia: mama, pale uwanja wa ndege wa Dulles hatukai na watu kwenye viti vya bati, tuna launji yetu, kuna supu, kuna makochi. Alivaa kanga mpya. Tukafika mlangoni sita: mimi, mke, mama mkwe na watoto watatu. Binti wa mapokezi akagusa kadi, akatabasamu, akanieleza kwamba utaratibu umebadilika. Mwenye kadi anaingia bure. Mgeni ni dola 35.

Watano mara thelathini na tano. Hesabu hiyo niliifanya bila Excel.

"Mwanangu," mama mkwe akaniuliza taratibu, "si ulisema kuna supu?"

Nikasema basi aingie yeye kwa niaba yangu. Haiwezekani, kadi ina jina langu. Mwishowe niliingia peke yangu, dakika kumi na tano, nikatoka na ndizi mbili na keki nne nimezifunga kwenye karatasi za kufutia mikono ndani ya koti. Kitinda mimba wangu akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Baba ameiba!" Mama mkwe alikula keki yake ametazama pembeni. Mpaka leo akipiga simu kutoka Dar, akishamaliza salamu, anauliza hali ya supu.

Hoja yangu ya mwisho ilikuwa pointi. Nimezikusanya miaka saba ili siku moja niende nyumbani kwenye kiti kinacholala. Kiti hicho nilianza kukifukuza kikiwa pointi 70,000 kwenda tu. Nilipofikisha, kikawa 88,000. Ni kama kupanda mnazi unaorefuka wewe ukiwa katikati. American Airlines walianza kugawa maili mwaka 1981, na tangu hapo kanuni ni ileile: anayezitoa ndiye anayezipangia bei. Na wala hazidondoki mbinguni. Kila ninapogusa kadi, muuza duka anakatwa ada, na sehemu ya ada hiyo ndiyo inayonirudia ikiitwa zawadi. Umoja wa Ulaya sehemu hiyo inayokwenda kwa benki ya mwenye kadi imewekewa kikomo tangu 2015, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, ndiyo maana binamu yangu wa Hamburg nikimweleza habari za pointi ananisikiliza kama ninayemsimulia habari za majini. Riba nisiiseme. Nilisahau kulipa mwezi mmoja tu, na riba ya zaidi ya asilimia 20 ikaanza kuzinyofoa pointi zangu kama kunguru kwenye samaki wa kuanikwa.

Jana usiku nilipiga simu. Nilikuwa na neno moja tu mdomoni: funga. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, sauti ya simu nimeifungulia nje. Kijana wa huduma kwa wateja akasema, kwa upole wa mtu wa posa, "Naona tumekuwa pamoja miaka saba." Nikalegea. Akasema nikifunga moja kwa moja pointi zitapotea. Ila nikibaki, na nikatumia dola 3,000 ndani ya miezi mitatu, ataniongezea pointi 20,000. Au nihamie kadi yao ndogo, haina ada, haina launji, pointi zinabaki.

Nilifunika simu kwa kiganja. Elfu ishirini!

"Mwambie ndogo," alisema mke wangu bila kuinua macho kwenye nguo.

Nikamwambia ndogo. Kadi ya chuma itazimika usiku wa manane, alisema kijana, akanitakia usiku mwema. Tukakaa kimya. Mke wangu akamaliza kukunja shuka, akaiweka, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Leo tarehe ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Zile kumi za mwezi huu umeshazitumia?"

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Jikoni kulikuwa na ndizi nyama zimejaa sufuria.

"Bado," nilisema.

Alivuta kiti, akakaa karibu yangu. "Hebu angalia kama wana kuku."