Sifa za Mpigaji Asiyedaka

Naomba nimsifu mtu ambaye mashabiki wa besiboli wamemtukana kwa zaidi ya miaka 50, naye hajawahi kuinuka benchi kujibu. Jina la kazi yake ni mpigaji mteule.

Msomaji wa hapa Masimba, Kisii, ambaye hajawahi kuuona mchezo huu hana kosa, maana Jumamosi zetu tumezigawa kati ya mpira wa Uingereza na klabu yetu ya Shabana. Jambo lenyewe ni hili. Timu ina watu tisa. Ikijilinda, wanasambaa uwanjani kudaka. Zamu ikigeuka, mmoja mmoja wanashika gongo na kupiga. Kati yao yumo mtupaji, fundi wa kumrushia mpinzani mpira asioweza kuugusa, na fundi huyo akishika gongo yeye mwenyewe huwa kichekesho. Mwaka 2021 watupaji wa ligi kuu ya Marekani walifaulu kupiga takribani mara 11 katika kila 100. Ndiyo maana sheria inaruhusu mtu wa kumi apige kwa niaba yake, kisha arudi kukaa. Hadaki. Hafukuzi mpira. Wenzake wakihangaika juani, yeye yuko kivulini anatafuna mbegu za alizeti, akingoja aitwe tena.

Ukoo wake ni wa heshima. Connie Mack, meneja wa Philadelphia, alilitoa wazo hilo mwaka 1906, akapuuzwa. Likalala hadi Januari 1973, wenye timu za American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu hiyo, walipoona viti vitupu viwanjani na wapigaji wamedorora, wakalipigia kura, 8 kwa 4. Tarehe 6 Aprili mwaka huo, mjini Boston, Ron Blomberg wa New York Yankees akawa mpigaji mteule wa kwanza katika historia. Akafanya nini? Hakupiga. Mtupaji alikosa shabaha mara nne, Blomberg akapewa kituo cha kwanza bure, na kwa kuwa vituo vyote vilikuwa vimejaa, mwenzake wa mbele akasukumwa hadi kituo cha nyumbani na pointi ikaandikwa. Mtu aliyeajiriwa apige tu alifungua kazi kwa kusimama, na gongo lake likapelekwa makumbusho ya besiboli ya Cooperstown. Nionyesheni afisi ya kaunti ambayo mtu amesifiwa kwa jasho dogo kuliko hilo, kisha tubishane.

Ligi ya pili, National League, ilikataa. Ukiacha msimu mfupi wa korona wa 2020, kwa karibu nusu karne ulikuwa mchezo mmoja wenye sheria mbili, na kwenye fainali hatimaye ikawa ni kufuata sheria ya mwenye uwanja. Wamarekani waliona ajabu. Sisi tunaokwenda Keroka hatukuona ajabu yoyote: mji mmoja, upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 mchuuzi anajua kwamba kuhamisha ndizi hatua chache kunaweza kubadilisha anayemdai ushuru. Mwaka 2022 ligi zile mbili zilipatana. Keroka bado.

Wanaotaka mpigaji mteule afutwe husema mchezaji kamili ni yule anayepiga na kudaka, na shahidi wao mpendwa ni Bartolo Colón. Mtupaji huyu, mwenye miaka 42 na tumbo linalomtangulia, alipiga mpira ukavuka uzio kule San Diego, Mei 2016, mara ya kwanza katika maisha yake ya ligi kuu, akazunguka vituo kwa karibu nusu dakika huku wenzake wakikimbia kujificha ili akifika asikute wa kumpongeza. Nakiri ni tamu. Lakini mashahidi hao humsahau Chien-Ming Wang, mtupaji wa Yankees kutoka Taiwani, ambaye mwaka 2008 ilimbidi akimbie vituo mjini Houston kwa sababu huko sheria ilikuwa ile nyingine. Aliumia mguu. Alikuwa ameshinda mechi 19 mwaka 2006, na 19 tena 2007. Baada ya mbio zile hakuwa yule tena. Mpigaji mteule angekuwapo, angekimbia yeye, maana miguu yake haina kazi nyingine.

Hata Waganda, majirani zetu waliotutangulia mbali katika mchezo huu, wana sababu ya kumshukuru. Vijana wa Lugazi walikwenda Marekani mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League, na wakawafunga wenyeji wa Oregon 3–2. Huko kwa watoto mtu wetu ni haramu: kanuni zinataka kila aliyeandikishwa apate zamu yake ya kupiga. Ni kanuni nzuri, ya kitoto. Mwaka 2022 watupaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wakasajiliwa na Los Angeles Dodgers, timu ya ile ligi iliyokuwa imekataa. Na mwaka huohuo ligi yao ikakubali. Mpigaji mteule aliwaondolea aibu ya gongo kabla hawajazoea hata viatu vipya.

Lakini hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kwa nini huyu anatukanwa, na libero hatukanwi? Mpira wa wavu unachezwa karibu kila shule hapa kwetu, na tangu mwaka 1998 dunia nzima inamkubali mchezaji huyo mwenye jezi ya rangi tofauti ambaye anapokea na kuokoa mipira tu. Haruhusiwi kuzuia kwenye wavu wala kushambulia juu ya wavu. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokwenda Olimpiki ya Tokyo, Agripina Kundu alifanya kazi hiyo, akijitupa sakafuni kuokoa mipira ambayo wengine wangeigeuza kuwa makofi yao. Naye anafanya nusu ya kazi. Sijamsikia hata mzee mmoja akidai kwamba libero ameua mchezo. Ni kwamba nusu yake ni ile ya kuchubuka magoti. Nusu ya kazi tunaisamehe ikiwa ni nusu yenye vumbi. Yenye makofi ndiyo inayotuchoma roho. Kwa hiyo anayemkemea mpigaji mteule kwa jina la usawa, mara nyingi anachodai ni benchi lile alikalie yeye.

Na Gusii tungepaswa kuwa wa mwisho kulalamika kuhusu kugawana kazi. Mwaka 1972 kule Munich dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, ililetwa na Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, wana wa Gusii watatu, pamoja na Julius Sang. Hakuna aliyemwambia Sang aanze yeye na amalize yeye. Mpinzani wangu atasema kila mmoja wa wale wanne alikimbia, hakuna aliyekaa. Huyo ni mpinzani anayependa kuharibu mazungumzo.

Sasa, swali la kama cheo cha mpigaji mteule kibaki, kipanuliwe au kifutwe. Mimi ni wa kupanua, na ninapendekeza Masimba iwe mfano, kwa kuwa tumekwisha kupanua bila kuwasumbua Wamarekani.

Tazama chai. Alfajiri, umande ungali juu ya majani, mama anafunga kikapu mgongoni. Anachuma majani mawili na chipukizi, mistari yote, mvua ikinyesha anavaa karatasi ya nailoni kiunoni na kuendelea. Mchana anabeba hadi kituo cha kununulia majani, anapanga foleni, karani anapima, anamwambia majani haya ni makavu, haya yamekomaa, toa. Lori la kiwandani, la Kiamokama au la kwingine, linachelewa, anangoja. Huo ndio ulinzi, na unachezwa mwaka mzima. Kisha hesabu za mwaka zinafungwa mwezi wa Juni, na kufikia Oktoba bonasi inatoka. Namba ya mkulima, ambayo malipo hupitia, mara nyingi imeandikishwa kwa jina la mwenye shamba, na mwenye shamba ni baba. Ndipo mpigaji mteule anapoinuka. Amevaa koti. Amechana nywele. Gongo moja tu, na mpira umevuka uzio, umepita Keroka ya Kisii na Keroka ya Nyamira, haujaonekana tena hadi Desemba.

Kuna wanaomsema vibaya. Mimi nasema mtazameni anavyojitunza. Mikono yake haina doa la chai. Mgongo wake haujapinda, kwa hiyo anaweza kusimama wima mbele ya mwenye benki. Mwaka mzima ameusoma mchezo kutoka kivulini, anajua bei ya kilo, anajua kiwanda kipi kimelipa zaidi na mkurugenzi gani afukuzwe. Maarifa hayo hayapatikani chini ya kikapu. Huyu ni mtaalamu, na kwa kawaida yetu mtaalamu hulipwa kwa anachokijua.

Yuko mmoja tu anayenitia wasiwasi, Shohei Ohtani, Mjapani wa hao hao Dodgers, anayetupa na kupiga vyote kwa ubora. Mwaka 2024, kiwiko chake kikiwa kimefanyiwa upasuaji, alifanya kazi ya kupiga peke yake, akavusha mipira 54 juu ya uzio, akaiba vituo 59, akawa mchezaji bora wa ligi yake, wa kwanza kushinda heshima hiyo akiwa mpigaji mteule msimu mzima. Walimtungia hata kanuni yake, ili akitolewa kwenye kutupa aendelee kupiga. Masimba tunao akina Ohtani wengi, wanachuma, wanapika, wanakamua, wanasimamia na ada ya shule. Kanuni yao bado haijatungwa. Kinachowazuia ni jina kwenye namba ya mkulima.

Kwa wanaume wa eneo hili nina habari moja ya kisheria, nao waisome kwa makini. Kanuni ya 5.11 ya besiboli inasema mpigaji mteule akiingia uwanjani kudaka, cheo hicho kinakufa kwa sehemu yote iliyobaki ya mechi, na tangu hapo mtupaji anajipigia mwenyewe. Fikirieni maana yake kwenye chai. Siku baba atakaposhika kikapu, hata kwa mstari mmoja, hata kwa huruma, haki ya kupokea inamhama, na anayechuma anakwenda benki mwenyewe. Ndiyo maana nikiwapita mchana wamekaa nje ya maduka pale Masimba, majani yakizidi kukomaa shambani, siwaulizi kwa nini hawasaidii. Watu wanafuata kanuni.