Barua kwa Mama Waziri Kuhusu Poda

Mheshimiwa Mama Waziri wa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, Kinshasa,

Sisi wa Goma tunakushukuru kwa usawa. Tangu 1967 Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari ni mmoja nchi nzima: maswali yaleyale, asilimia 50 ileile ya kufaulu. Mtoto wa mtaa wa Himbi, mwenye maabara na jenereta, anaulizwa kemia. Mtoto wa mtaa wetu wa Ndosho naye anaulizwa kemia. Huyu wa pili chupa ya maabara ameiona ubaoni, imechorwa kwa chaki na mwalimu ambaye mwenyewe aliiaga chuoni. Usawa gani tena tuutafute?

Kutoka shule moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa pikipiki. Himbi minervali, yaani karo, ni ya dola, tena nyingi. Ndosho ukuta ni mbao, na chini ni mawe meusi tuliyomwagiwa na volkano ya Nyiragongo. (Volkano haina deni kwetu: ilileta vifaa vya ujenzi bila kutangaza zabuni.) Mvua ikipiga bati, mwalimu ananyamaza, anaiachia mbingu ifundishe.

Elimu ya bure pia tuliipokea. Katiba ya 2006 iliiahidi kwa shule za msingi za serikali, nayo ikafika kwa kuchelewa, Septemba 2019, kama lori la kutoka Walikale wakati wa masika. Watoto walijaa, madarasa yakabaki yaleyale. Mwalimu aliyekuwa akila primu, yaani nyongeza iliyolipwa na wazazi, akaambiwa angoje mshahara. Wenzake ambao hawajaandikwa kwenye orodha ya malipo wanangoja hadi leo. Na waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, benki zikafungwa, basi hata walioandikwa wakajifunza kungoja. Mzazi mwenye uwezo hakungoja; alimhamishia mtoto wake shule ya kulipia.

Halafu matokeo yakitoka, tunasomewa shule zilizong'ara. Tungeweza kuzitaja kabla ya mtihani, Mama: ni kupanga minervali tu, kubwa juu, ndogo chini.

Ombi langu ni dogo. Hapa kwetu mtoto akipata diploma tunammwagia poda kichwani hadi awe mweupe. Poda haina bei ya Himbi wala bei ya Ndosho. Tuletee madawati na mwalimu aliyelipwa. Poda tutanunua wenyewe.

Mzazi wa Ndosho