Sifa za Mashine Isiyotoa Barafu

Mapokeo yanasema Fumo Liyongo aliusifu uta wake, akausifu na mnazi. Sina ugomvi naye, lakini alijichagulia kazi nyepesi. Uta hulenga, mnazi hukupa dafu, tui, makuti, kamba na fagio la uani. Kukisifu kinachotoa ni kulipa deni tu. Mimi nimekusudia kukisifu kisichotoa: mashine ya barafu iliyomo ndani ya friji letu la milango miwili, hapa Dar es Salaam, ambayo tangu iingie nyumbani kwa mkopo wa miezi 12 haijatoa kipande kimoja kamili.

Sifa ndogondogo tuzimalize upesi. Ni pole, haijamdhuru mtu. Haina upendeleo: jinsi ilivyomnyima mwenyeji ndivyo ilivyomnyima mgeni. Inalinda makoo ya watoto, ambao kwa mujibu wa bibi yao hukohoa kwa sababu ya maji baridi na si kwa sababu nyingine yoyote duniani. Na imetuletea wageni, hasa wenye mabegi ya spana.

Sifa kubwa ni uchapakazi, na hapo naomba nafasi. Wiki ya kwanza ililala, kwa kuwa mkono wake wa waya, ule unaonyanyuka ndoo ikijaa ili mashine ipumzike, ulikuwa umenyanyuliwa tangu dukani. Nikaushusha. Tangu siku hiyo haijapumzika. Tega sikio jikoni saa saba usiku utaisikia ikiwa kazini. Kwanza kitambuzi cha joto hupapasa trei. Trei imepoa upesi kwa sababu ni tupu, lakini kitambuzi, kwa moyo safi, huamini kwamba maji yameganda. Basi waya wa moto ulio chini ya trei huwaka ili kuiachanisha barafu na chuma, barafu yenyewe haipo. Kisha vidole vya plastiki huzunguka taratibu, kwa utulivu wa bibi anayepakua pilau asivunje wali, vikazoa hewa na kuimwaga ndooni. Kisha valvu huvuma kwa sekunde kadhaa kuyakaribisha maji. Maji hayaji. Valvu hujifunga. Kimya. Baada ya muda kitambuzi hupapasa trei tena.

Usiku mmoja wa joto niliweka kiti mbele yake. Mpaka adhana ya alfajiri ilikuwa imekamilisha mizunguko mitano, na hakuna hatua hata moja iliyorukwa. Iddi ilifanya kazi, Krismasi ilifanya kazi. Haijaomba posho wala likizo, inachokula ni uniti za luku tu. Upungufu wake ni mmoja, barafu, na barafu ni suala la matokeo. Mtu akishafuata utaratibu wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, nani ana haki ya kumuuliza matokeo?

Mafundi ndio waliouliza. Wa kwanza aliweka sikio mlangoni kama daktari, akasema, "Mzee, gesi imeisha." Ndani ya friza hiyohiyo mlikuwa na changu mgumu wa kuvunjia nazi. Wa pili akasema umeme ni mdogo, akaniuzia kidude cha kulinda friji, ambacho tangu siku ile kinawasha taa ya kijani mchana kutwa, nacho ni mchapakazi. Wa tatu, kijana asiye na maneno mengi, alichomoa kibomba cha kuingizia maji akanionyesha kilivyozibwa na kijiti cheupe. Ilikuwa barafu. Hiyo ndiyo barafu pekee ambayo mashine yetu imewahi kuzalisha, na iliizalisha mahali hasa pa kuzuia barafu. Tukaiyeyusha kwa draya ya nywele ya mama watoto. Kesho yake kijiti kilikuwa kimerudi.

Nikaamua kujifanyia uchunguzi mwenyewe. Nikalivuta friji, nikafungua mpira wa nyuma nikautia ndani ya jagi, nikasubiri. Maji yalitoka kama machozi ya mtu aliyelazimishwa kulia msibani. Nikafungua kijitabu. Kijitabu kinataka maji yenye msukumo usiopungua bar 1.4. Tangi letu limekaa juu ya mnara wa mita 3, na maji hupata karibu bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Kwa hiyo likijikaza sana lina bar 0.3, na hapo hatujatoa kimo cha friji lenyewe. Ili nipate vipande vinane vya barafu, inanibidi nilipandishe tangi mita 14, yaani nianze kwa kujenga ghorofa nne. Na kile kijiti nacho kikapata maelezo: valvu ile hujifunga kwa kusaidiwa na msukumo wa maji yenyewe. Maji yakiwa legelege haifungi sawasawa, hudondosha tone baada ya tone, na matone hugandia kibombani. Kumbe mashine si mbovu. Imetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo maji huja yenyewe. Muuzaji aliyeniambia "unachomeka tu, bosi" alikuwa anazungumzia umeme.

Yule kijana akapendekeza pampu. Pampu isukume nini? Bomba la barabarani hutoa maji Jumanne usiku, na si kila Jumanne. Kabla ya maji hutangulia upepo, bomba linakohoa, linapiga mluzi, na mita inazunguka. Nimesimama pale na tochi nikaiona kwa macho yangu, gurudumu linakimbia kama limeahidiwa zawadi, na chini ndoo ni kavu. Mwezi uliopita tulinunua maboza mawili ya maji. Mawili. Na bado bili ikaja, shilingi 31,400. Za nini? Nimekunywa nini, nimeoga nini? Mtu anakuuzia upepo uliopita kwenye bomba lililochimbiwa mtaro kwa pesa yako mwenyewe, halafu anakupa siku kumi na nne, usipolipa anakuja kukukatia. Anakata nini?

Nikapiga simu huduma kwa wateja ya mamlaka ya maji. Baada ya muziki mrefu alipokea dada mwenye sauti nzuri sana.

"Ndugu mteja, mfumo unaonyesha maji yapo."

"Dada yangu, niko hapa bombani."

"Sawa baba, nakuelewa. Lakini kwenye mfumo maji yapo."

Nirudi kwenye sifa, maana mashine yangu haina hatia, na tena imenifundisha historia. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe kileleni mwa Kilimanjaro. Mwongozaji wake aliuita "baridi" tu, na mimi sioni jina hilo lilipungukiwa nini. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika, akakataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Zamani nilikuwa nikimcheka Cooley. Siku hizi namheshimu kama mwasisi wa huduma kwa wateja. Yeye akiwa mbali aliikana barafu iliyopo. Warithi wake, nao wakiwa mbali, wanayathibitisha maji yasiyopo.

Na hapo ndipo mashine yangu inapowazidi. Mashine na watu wa maji, wote wanaendesha shughuli kwa hewa. Wote wana mizunguko, wana hatua, wana taa ya kijani. Lakini mashine ikishazoa hewa huimwaga ndooni ukaiona kwamba ni hewa. Wao huipima, huipigia hesabu mpaka senti ya mwisho, na kukutumia namba ya malipo.

Jumapili iliyopita baba mkwe alikuja kula mchana. Ni mzee wa heshima zake, na alikuwa amesikia kwamba binti yake anaishi kwenye nyumba yenye friji linalotema barafu mlangoni. Haikuwezekana kumwonyesha mizunguko tu. Mama watoto akamtuma kijana wetu kwa jirani wa nyumba ya tatu, mama mmoja mwenye friza ya kulala na kipande cha kadibodi getini: BARAFU ZIPO. Mama huyu hana mita ya maji. Maji yake huletwa na kijana wa mkokoteni, dumu kwa dumu, naye huyachemsha, huyachuja kwa kitambaa, huyagandisha kwenye makopo ya plastiki na kuuza kila kopo mia mbili. Sijawahi kumkuta hana. Ukimuuliza kama barafu ipo, hafungui mfumo. Anafungua friza.

Yakaja makopo kumi. Nikayapiga kwa mchi wa kinu mpaka barafu ikawa vipande vya kupita mlangoni, nikavimimina kwenye ndoo ya mashine. Vilipofika juu, ule mkono wa waya ukanyanyuka polepole, ukabaki juu. Valvu ikanyamaza. Vidole vikasimama. Tangu niushushe mkono ule, jikoni hakujawahi kuwa kimya namna hiyo. Mashine ilikuwa imejiridhisha kwamba ndoo ni yake, barafu ni yake, na kazi imekamilika.

Baba mkwe akaweka glasi yake mlangoni, akabonyeza. Klak, klak, klak. Akanywa juisi ya ukwaju, akatazama friji kutoka juu mpaka chini.

"Hapa, mwanangu, umepata," akasema.

Nikasema alhamdulillahi. Glasini mwake mlikuwa na maji ya boza na barafu ya mama wa nyumba ya tatu, na sikuona sababu ya kumweleza mzee anayekunywa. Simu ikatetemeka juu ya meza. Ndugu mteja, bili yako ya mwezi huu iko tayari, asante kwa kutumia maji yetu.

Nikaenda nikafungua friza. Mkono wa waya ulikuwa bado juu.