Messi wa Butembo

Katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu Kaskazini nchini Kongo, kibao cha kinyozi, yaani ubao au ukuta uliopakwa picha ili kuwavuta wateja, huweza kuwakutanisha Lionel Messi, mwanamuziki Fally Ipupa na rapa mmoja wa Marekani, ingawa mpita njia hulazimika kusoma jina chini ya kila uso ndipo aamue yupi ni yupi. Mchoraji hastahili lawama, kwa sababu aliagizwa nywele, na nywele amezitimiza. Mteja naye, akishaona jinsi Messi alivyonyolewa, hutia kichwa chake maji kama methali ilivyoamuru.

Wataalamu huiita kazi hii sanaa pendwa, maana yake sanaa inayotokana na watu wa kawaida na kuuzwa kwao, lakini heshima ya jina hilo huikuta hasa ikishavuka bahari: Chéri Samba, aliyeanza kwa kuchora vibao mjini Kinshasa na kufungua karakana yake mwaka 1975, alionyeshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la Terre, na kibao kikapanda cheo kikawa mchoro. Ikipimwa kwa makini, basi, tofauti kati ya fundi wa rangi na msanii ni nauli ya ndege, ilhali kampuni ya simu inayopaka ukuta mzima rangi moja, bila uso wala nywele, haihitaji kusafiri wala kufanana na mtu yeyote ili iitwe maendeleo.