Sifa za Kadi Isiyonunua Kitu

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kikombe cha kahawa ya kijiweni kina malenga wake. Mimi nimejitwika mzigo wa kumsifia mnyonge ambaye hajawahi kupata hata kibwagizo: kadi ya kuongezea salio iliyokuwa ikining'inia katika maduka ya dawa ya Marekani, jirani na miwani ya kusomea ya bei poa na pipi za kikohozi. Ni kipande cha karatasi ngumu tu. Hakiliwi, hakivaliwi, hakitibu. Mgongoni kina utepe wa kukwangua, na chini ya utepe kuna namba ya siri. Msomaji aliyewahi kukwangua vocha ya simu kwa ukucha, akapuliza yale mabaki meusi, anakijua kitu hiki bila kuonyeshwa.

Jina la aliyekuwa maarufu kuliko wenzake ni Vanilla Reload. Enzi zake, unakwenda kaunta, unasema unataka ya dola 500, unalipa dola 503.95 kwa kadi ya mkopo. Hizo dola tatu na senti zake ndizo ada. Nyumbani unakwangua, unaingiza namba kwenye tovuti, na dola 500 zinahamia kwenye kadi ya pili, ile ya malipo ya kabla, ambayo ni ndugu wa mbali wa umeme wa LUKU: usipolipia kwanza, hakuna cha kutumia. Kutoka kwenye kadi hiyo ya pili unalipa bili zako. Na bili mojawapo, ukitaka, ni deni la kadi ya mkopo uliyolipia kule dukani.

Soma tena polepole. Pesa imetoka benki, ikapita duka la dawa, ikalala usiku mmoja kwenye tovuti, ikarudi benki. Ni kama abiria aliyesinzia kwenye daladala, akapitiliza kituo, akarudishwa pale pale alipopandia. Hakufika popote. Lakini abiria wetu huyu alipoamka alikuta konda amemwekea zawadi mfukoni, kwa sababu kadi ya mkopo humpa mwenyewe pointi kwa kila dola anayotoa, na pointi zikikusanyika huwa tiketi ya ndege, usiku wa hoteli, au pesa inayopunguza deni.

Jioni moja ya mwaka 2013, nikiwa Ohio, nilimpigia mama Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

"Bado. Ndiyo kwanza natoka dukani."

"Umenunua nini?"

"Pesa."

Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani, maana kwetu ilikuwa jioni na kwao karibu kunakucha.

"Umenunua pesa. Kwa pesa?"

"Kwa pesa ya mkopo, mama."

"Na hiyo uliyoinunua unaipeleka wapi?"

"Naenda kulipia mkopo."

Akanyamaza tena, kisha akaniuliza kwa ile sauti ya chini wanayoulizwa wagonjwa: "Huko unalala vizuri lakini?"

Nililala vizuri mno. Nilikuwa na hesabu za kuhesabia badala ya kondoo. Kadi inayorudisha senti 2 kwa kila dola ilinipa dola 10 na senti 8 kwa vocha moja. Toa ada, imebaki dola 6 na senti 13. Kadi ya kupokelea ilikuwa na ukomo wa dola 5,000 kwa mwezi, yaani vocha kumi, yaani dola 61 na ushei. Sikuhesabu mafuta ya gari. Sikuhesabu Jumamosi. Ukianza kuhesabu Jumamosi huwezi kuwa bingwa wa jambo hili, kama vile mvuvi anayehesabu mapigo ya kasia asivyoweza kuwa mvuvi. Utamu hasa ulikuwa kwenye kadi mpya: benki inakuambia tumia dola 3,000 ndani ya miezi mitatu tukupe pointi 50,000. Mtu wa kawaida ananunua kochi asilolihitaji. Mwenye vocha ananunua vocha sita, analipia deni kwa vocha zilezile, na sebule yake inabaki kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo sifa ya kwanza ya kadi hii ilipo, nami naiweka juu ya nyingine zote: haidanganyi. Pointi za kawaida hujificha nyuma ya kochi, nyuma ya viatu, nyuma ya chakula cha mgahawani, mpaka unaamini umepewa zawadi kwa sababu wewe ni mteja mwema. Vocha imeondoa kochi, imeondoa viatu. Imebaki pesa inayozunguka yenyewe, na zawadi inayodondoka kutoka pasipojulikana.

Sifa ya pili ni ustadi wa kuwasoma watu ambao kadi hii ilinifunza. Nilijua keshia gani anatabasamu, yupi anamwita meneja, yupi akikuona tu anasema mashine leo inataka taslimu. Mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliwahi kuishika vocha yangu mkono wa pili nisiifikie, akaniuliza kama kuna mtu amenipigia simu kuniambia niinunue. Nilikasirika kimoyomoyo. Baadaye nikaelewa. Matapeli waliipenda kadi hii kuliko hata sisi: humpigia mzee simu, humtisha kwamba anadaiwa kodi au mjukuu wake yuko mahabusu, humtuma dukani akanunue vocha kisha awasomee namba ya siri. Namba ikishasomwa, pesa imekwenda na hairudi. Yule mama alikuwa analinda kaunta dhidi ya kilio, nami nilikuwa namwona kikwazo cha safari yangu ya Zanzibar. Kwa hiyo niongeze katika sifa za kadi yangu kwamba iliwahudumia wote bila ubaguzi, mbahili na mwizi.

Usidhani ilizuka bila mababu. Mwaka 1999 injinia mmoja wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni ya vyakula inatoa maili za ndege kwa lebo za bidhaa zake, na kwamba bidhaa iliyokuwa rahisi kuliko zote ni kikopo cha pudini. Alinunua vikopo zaidi ya 12,000 kwa dola kama 3,000, akawapelekea Jeshi la Wokovu wale, nao wakamsaidia kubandua lebo. Alivuna maili zaidi ya milioni moja na laki mbili. Huyo namheshimu, ila naye kazi yake ilikuwa na dosari: kuna mtu alikula pudini. Kulikuwa na bidhaa.

Waliofuata walikaribia ukamilifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu serikali yenyewe ilishiriki. Sheria ya mwaka 2005 iliagiza Marekani itengeneze sarafu za dola moja zenye sura za marais waliopita. Wananchi hawakuzitaka, wamezoea noti, na sarafu zinatoboa mifuko. Mwaka 2008 Kiwanda cha Sarafu, kikitaka zifike mikononi mwa watu, kikaanza kuziuza kwa posta: unaagiza sanduku la sarafu 250, unalipa dola 250, usafirishaji bure, na kadi ya mkopo inapokelewa. Wenye akili zao hawakuchelewa. Waliagiza masanduku kwa maelfu ya dola. Gari la posta lilishusha, wao wakapakia kwenye magari yao, wakapeleka benki, wakaweka kwenye akaunti, wakalipa kadi. Baadhi ya sarafu ziliingia benki zikiwa bado kwenye karatasi zake za kiwandani. Fikiria wachimba madini, wayeyushaji, wachongaji wa sura ya rais, dereva wa posta anayeumwa kiuno, karani wa benki anayepokea mzigo, wote wametoa jasho ili mtu apate maili za kwenda Hawaii. Julai 2011 kiwanda kikakataa kadi za mkopo. Wakati huo zaidi ya sarafu bilioni moja zilikuwa zimelala kwenye maghala ya Benki Kuu bila wa kuzitumia.

Ukilinganisha, vocha yangu ni ustaarabu. Haikumvunja mtu kiuno. Ni gramu chache za karatasi.

Ila wakosoaji hawakosekani, na wana swali moja la kuudhi: hizo dola 10 alizitoa nani? Nitawajibu kwa niaba ya kadi, ambayo haina mdomo. Kila ukilipa kwa kadi ya mkopo, muuzaji hukatwa sehemu, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 3, na kutoka humo benki inakurushia makombo yanayoitwa pointi. Kwa vocha ya dola 500, hata asilimia 1 inafika dola 5, na ada nzima ilikuwa dola 3.95. Muuzaji si mwendawazimu. Makato ya kadi huyapandisha kwenye bei ya sabuni. Bei ya sabuni ni moja kwa wote, wa kadi na wa taslimu. Mwaka 2010 wachumi wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba kaya inayolipa taslimu hupoteza wastani wa dola 149 kwa mwaka kwa mtindo huu, na kaya inayolipa kwa kadi hupata dola 1,133. Basi zawadi yangu haikudondoka kutoka mbinguni. Alinichangia yule aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, anayehesabu noti mbili mbili kununua nepi. Hakuniambia. Nami sikumshukuru, nikaona aibu ya kumkatisha.

Na kadi ya kupokelea salio, ile ya pili, ilitengenezwa kwa ajili yake yeye! Iliitwa Bluebird, ikazinduliwa Oktoba 2012 na kampuni ya kadi ya American Express pamoja na maduka ya Walmart kwa ajili ya watu waliochoshwa na benki au ambao benki haziwataki: haikuwa na ada ya mwezi, ililipa bili, ilimpa mnyonge heshima ya kuwa na akaunti. Tuliokimbilia mstari wa mbele ni sisi wenye kadi za mkopo tano tano na alama safi za ukopaji. Tuliingia kwenye pango la sungura tukiwa ndovu, tukasema ni pana.

Nikiwa likizo Tanga nilijaribu kumweleza mpwa wangu, ambaye ni wakala wa pesa za simu. Akaniuliza makato yanakwenda kwa nani. Nikamwambia makato yanarudi kwangu. Akacheka mpaka wateja wakageuka. Kwetu pesa haitembei bure. Ukiituma inakatwa, ukiitoa inakatwa, na mwaka 2021 serikali ikaweka tozo yake juu ya makato. Ujanja mkubwa alioushuhudia yeye ni mteja kumwomba amwekee pesa ndugu yake wa mbali moja kwa moja kwenye namba, ili akwepe ada ya kutuma, jambo ambalo kampuni haziruhusu. Mteja huyo anaokoa shilingi. Anaitwa mjanja wa mjini. Mimi niliyekuwa nazungusha dola 5,000 kila mwezi bila kununua hata kiberiti, benki iliniandikia barua ikiniita mteja wa thamani.

Mwisho wa kadi yangu ulikuja kimyakimya, kama wanavyoondoka wanyonge wote. Mwaka 2014 maduka ya dawa ya CVS yaliacha kupokea kadi za mkopo kwa vocha hizo. Tukahamia maduka ya Target, ambako kadi yao nyekundu ya malipo ya kabla ilijazwa kaunta kwa kadi ya mkopo bila ada yoyote. Mei 2015 nako pakafungwa. Januari 2016 American Express ilituma barua pepe kwa wazungushaji wengi ikiwaambia akaunti zao zimekwisha. Hapakuwa na matanga.

Kuna mume na mke wa Virginia waliotufunika sote. Mwaka 2013 na 2014 walipitisha zaidi ya dola milioni 6 kwenye kadi iliyokuwa ikirudisha asilimia 5 katika supamaketi na maduka ya dawa, wakavuna zaidi ya dola 300,000. Mamlaka ya kodi ikasema hayo ni mapato, yakatwe. Wao wakasema ni punguzo la bei, na punguzo halitozwi kodi. Februari 2021 Mahakama ya Kodi ikaamua. Kadi za zawadi walizonunua, ilisema, ni bidhaa. Mtu kanunua kitu, kapunguziwa bei, hadaiwi. Lakini pale walipojaza salio moja kwa moja kwenye kadi, au waliponunua hawala za fedha kwa kadi ya mkopo, hapakuwa na bidhaa wala huduma iliyonunuliwa, kwa hiyo hapakuwa na bei ya kupunguzwa. Zawadi za upande huo zikahesabiwa kuwa mapato, na kodi yake ikadaiwa.