Kapeti la Kombi na Sponji ya Ofa

Mwenye Kombi hana siri. Ukiisimamisha Moshi mjini upate kununua mahindi ya kuchoma, lazima atokee mzee wa kukusimulia kwamba baba yake mdogo alikuwa nayo, ya rangi ya maziwa, na ilimpeleka bibi harusi hadi Rombo bila kuchemsha. Hilo la kutochemsha sibishi. Injini ya Kombi inapozwa kwa upepo, haina rejeta wala tone la maji, sasa ichemshe nini? Ila ni wazee hao hao wenye kumbukumbu nzuri walioniponza kwenye suala la kapeti.

Yangu ni ya miaka ya sabini. Ilitoka Uingereza, usukani kulia, na juu ina paa la Dormobile, lile lililokuwa likitengenezwa Folkestone: unafungua komeo, paa linainuka ubavu mmoja, na turubai la mistari linajitandaza lenyewe. Nikiliinua nje ya nyumba, hakosi mtu wa kuuliza kama tunapima presha bure. Ndani ina kitanda cha kukunjwa, jiko la gesi na sinki la kuoshea vikombe viwili ukiwa na subira. Kasoro ilikuwa chini, mbele. Raba nyeusi iliyozaliwa nayo ilishakakamaa na kupasuka, na penye dimbwi mke wangu alikuwa anaoga miguu akiwa ameketi.

Makapeti ya kuagiza Ulaya niliyoyaona yalikatwa kwa gari la usukani kushoto, na gharama ya kuyaleta ingenitoa kwenye mambo mengine ya maana. Nikaenda Majengo kwa fundi wa viti vya magari.

Inabidi nieleze ile sakafu, maana pale mbele pa Kombi si sakafu, ni mkutano. Dereva amekalia magurudumu, kwa hiyo matao yake yamevimba ndani kulia na kushoto. Mti wa usukani unashuka karibu wima na kuzama chini. Pedeli za klachi na breki hazining'inii kutoka juu kama kwenye Corolla, zinachomoza kutoka chini, kila moja na tundu lake. Ya mafuta imelala, bawaba yake iko sakafuni. Katikati imesimama gia, ndefu na nyembamba. Ukichukua futikamba ukapima mara mbili utapata vipimo viwili, na vyote ni sahihi.

Fundi hakupima. Alichana boksi la friji, akalilaza ndani, akalikata polepole kwa wembe hadi likaenea, na kwa kweli ile ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama. Ndipo akapita mzee mmoja na bakora yake.

"Na handibreki je?"

Fundi akamwonyesha: iko chini ya dashibodi.

"Nyie watoto. Kombi handibreki yake iko chini, karibu na gia. Mimi nimeendesha."

Mzee hakusema uongo. Kombi zilianza kutoka kiwandani 1950, na zile za kwanza, zenye kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, handibreki yake ilikuwa sakafuni. Umbo jipya lilipoingia mwaka 1967 ikahamia kwenye dashibodi. Lakini nani wa kumfundisha mzee tarehe? Fundi, kwa heshima ya umri, akaongeza tundu la handibreki isiyokuwepo.

Kapeti lenyewe lilikuwa jekundu, zito, kipande kilichobaki kwenye ukumbi wa harusi. Fundi aliligeuza kichwa chini, kwa kuwa chaki huonekana vizuri mgongoni, akaliwekea boksi, akachora, akakata, akazungushia utepe mweusi kwenye kingo zote. Boksi hakuligeuza. Tulipoliingiza garini, kila kitu kilikuwa upande usio wake. Shemeji yangu, mtu wa kutafuta heri katika kila jambo, akasema basi litamfaa mwenye Kombi ya usukani kushoto. Halimfai. Hata huko Ujerumani klachi iko mguu wa kushoto na mafuta mguu wa kulia. Gari la kuvaa kapeti lile lingetaka dereva akanyage mafuta kwa mguu wa kushoto, breki katikati, klachi kulia, na handibreki ya 1965.

Fundi aliona haya kweli. Akakata jingine, safari hii akiweka alama ya JUU kwenye boksi kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma bila miwani. Likatoka zuri. Tundu la usukani alilishona duara kamili, kingo zimetulia. Tukabaki tumelishika huku na huku, tukilitazama tundu, kisha usukani, ambao kipenyo chake si cha mchezo.

"Bosi, tukiufungua usukani?"

Nikamwomba alipasue tu kutoka tundu hadi ukingoni. Akapasua kwa uchungu, akarudia utepe. Kisha, kuniomba radhi kwa yote, akabandika sponji nene chini yake. "Hiyo ni ofa, bosi. Miguu ipumzike."

Jumapili tukampakia mama mkwe kwenda Marangu. Injini ya Kombi hii, sisi 1600, ilikuwa na nguvu za farasi takriban 50 ilipokuwa mpya, kwa hiyo sikutegemea miujiza. Lakini kupanda kutoka Himo tulipitwa na Noah, tukapitwa na bodaboda iliyobeba kitanda, na mwenye kitanda akatupungia mkono. Nilikuwa nimekanyaga hadi mwisho. Mama mkwe, mtu mstaarabu, aliuliza tu kama tungefika kabla ya giza.

Kesho yake makanika alisikiliza injini, akafumba macho, akasema ringi zimekwisha. Alipotaka kuingia kujaribu mwenyewe, alitoa kapeti kwanza asilichafue kwa grisi, akasafisha kabureta kidogo, akaondoka. Gari liliruka. Akarudi akitabasamu: ringi kumbe bado, ilikuwa kabureta. Nikalipa. Naye, kwa adabu, akarudisha kapeti mahali pake, akalikandamiza vizuri, na kabla sijafika kona ya pili gari lilikuwa limezeeka upya.

Aliyeligundua ni mke wangu. Alichuchumaa mlangoni, akaibonyeza pedeli ya mafuta kwa mkono, ikashuka nusu, ikakaa juu ya sponji kama mgeni juu ya godoro. "Hapa ndipo mafuta yanapoishia," akasema, akaniomba kisu. Makanika hakurudisha hela. Alisema kabureta ilikuwa chafu kweli.

Lile la kwanza, la kinyume, fundi alilitundika ukutani kuwa tangazo: TUNASHONA KAPETI ZA KOMBI. Nilipopita juzi kumsalimia, halikuwepo. Amekuja mteja kutoka Arusha, amelipenda, amelipia taslimu bila kuomba apunguziwe, na amepiga simu kushukuru kwamba limeenea vizuri sana.