Namna ya Kuusifia Mvinyo wa Constantia Mezani

Ukialikwa chakula mjini Cape Town, na mwenyeji akatoa chupa fupi yenye mvinyo wa rangi ya asali, usikimbilie kunywa. Hiyo ni Constantia, na sifa zake zina utaratibu.

Anza na shina. Simon van der Stel, kamanda wa Waholanzi pale Rasi, alipewa shamba la Constantia mwaka 1685. Mwaka 1778 Hendrik Cloete akanunua sehemu yake kuu, Groot Constantia, na jina likavuma Ulaya. Taja majina hayo polepole, kama anayehesabu fedha za watu.

Kisha washushe wakubwa mmoja mmoja. Napoleon aliunywa uhamishoni Saint Helena. Jane Austen, katika riwaya yake ya mwaka 1811, aliutaja kuwa dawa ya moyo uliovunjika. Hapo nyamaza kidogo, wageni wapate kuguna.

Ukitaka kuonekana fundi, eleza zabibu zenyewe. Huachwa mtini hadi ngozi ikunjamane kama ya tende, maji yapungue, utamu ubaki. Wavunaji hulirudia shamba lile lile mara kadhaa, kila safari wakichuma zilizoiva tu. Ni kazi ya mgongo na macho, tangu alfajiri.

Wasifiaji wengi huishia hapo. Wewe endelea, uliza migongo hiyo ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya watumwa, walioletwa Rasi kwa meli kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji, pwani moja na yetu. Sheria ya kuufuta utumwa ilianza kazi huko mwaka 1834, na hata hivyo walifungwa kwa mabwana wao hadi 1838. Hesabu mwenyewe: Cloete, Austen na Napoleon wote wamo ndani ya miaka ya utumwa. Kila glasi waliyoisifu ilitoka mikononi mwa mtu asiyelipwa.

Baadaye maradhi na wadudu waliishambulia mizabibu, mvinyo ule mtamu ukatoweka, hadi shamba la Klein Constantia lilipoufufua kwa mavuno ya mwaka 1986. Ni mtamu kweli, na umestahili jina lake.

Kwa hiyo ukifika Groot Constantia, usianzie kwenye kuonja. Ingia kwanza kwenye jumba la makumbusho, kuna maonyesho ya maisha ya watumwa. Yasome yote, ndipo uombe glasi.